Baba na Mwanawe: Tafsiri ya Wimbo Mmoja wa Vijana



Ndugu zangu wasomaji, najua wako watakaokunja uso wakiona mwalimu wa chuoni ameshika kalamu kueleza khabari za wimbo, tena si kasida wala maulidi, bali wimbo wa rap, ule ambao vijana wetu huusema mbiombio huku ngoma ikipigwa. Nawaomba mnistahimilie kidogo. Sikukusudia hapa kuhalalisha muziki wala kuuharimisha. Jambo hilo wanazuoni wamelizungumza kwa mapana, nami ni mwalimu wa kusomesha watoto alifu na juzuu, si mufti. Nimeandika kwa sababu ndani ya wimbo huo nilikuta maneno ya baba kwa mwanawe, na maneno hayo yalinigusa mimi kabla sijafikiri kumgusa nayo mtu mwingine.

JINSI WIMBO ULIVYONIFIKIA

Ninaye mwana wa kiume niliyemzaa na mke wangu wa kwanza. Mimi na mama yake tuliachana mtoto akiwa na umri wa miaka minne. Mama akarudi kwao Pangani, akamchukua mwanawe, na bibi yake akasaidia kumlea. Mimi nikabaki hapa Tanga mjini, nikaoa tena, na Mwenyezi Mungu akanijaalia watoto wengine. Nafaka ya yule wa kwanza sikuikata. Kila mwisho wa mwezi nilikwenda kituoni nikampa kondakta wa basi la Pangani bahasha, na miaka hii ya karibuni nilikuwa nikituma kwa simu. Kwa hiyo nilijihesabu katika baba wema. Kila niliposikia khabari za wanaume waliotupa watoto wao, nilisema, Alhamdulillahi, mimi simo.

Sasa yule mtoto ni kijana wa miaka ishirini na miwili. Amemaliza kidato cha nne, na anaendesha bodaboda huko Pangani, karibu na kivuko cha kwenda Bweni. Idi iliyopita alikuja kunitazama. Baada ya chakula cha mchana alikaa barazani akifungulia nyimbo katika simu yake. Nikamwambia, "Mwanangu, punguza sauti, hapa ni nyumba ya maalim." Akapunguza kwa adabu, kisha akasema, "Samahani, baba. Lakini huu ningependa ujue maneno yake. Ni baba anasema na mtoto wake." Nikamjibu kuwa mimi Kizungu sikijui, shule yangu iliishia darasa la saba. Hakusema neno. Alipoaga jioni aliniachia daftari la shule, na ndani yake ameandika maneno yote ya wimbo ule kwa Kiswahili, kwa mwandiko mzuri wa kujitahidi.

Daftari hilo nililisoma usiku baada ya sala ya Isha, na ndilo ninalolifasiri hapa.

RAP NI KITU GANI

Wasomaji walio wazee pengine wataka kujua kwanza rap ni kitu gani. Ni usemi wa mizani na vina unaokwenda pamoja na mapigo ya ngoma. Ulianza kwa vijana weusi wa mji wa New York, Marekani, katika miaka ya 1970, ukafika Dar es Salaam katika miaka ya 1980. Mapema katika miaka ya 1990 kijana aitwaye Saleh Jabir alichukua wimbo wa Kimarekani akautia maneno ya Kiswahili, na watu wakastaajabu kuona lugha yetu inaweza kubeba usemi huo.

Huku kwetu Tanga jambo hili halikukawia. Kundi la Wagosi wa Kaya lilitoka mjini hapa mwanzoni mwa miaka ya 2000, likasema juu ya taabu za raia wa kawaida. Hamis Mwinjuma, ambaye vijana humwita Mwana FA, asili yake ni Muheza, na mwaka 2020 watu wa Muheza walimchagua kuwa Mbunge wao. Basi rap si mgeni tena pwani hii. Imekwisha ingia ndani ya nyumba zetu, na mzazi asiyejua mwanawe asikiliza nini hana njia ya kumwambia lipi la kushika na lipi la kuacha.

MWENYE WIMBO

Mwenye wimbo huu ni Mmarekani, Will Smith, aliyezaliwa mwaka 1968 katika mji wa Philadelphia, na wengi humjua zaidi kwa sinema zake. Wimbo waitwa "Just the Two of Us", yaani sisi wawili tu. Umo katika albamu yake ya mwaka 1997. Amemwimbia mwanawe wa kwanza, aliyezaliwa mwaka 1992, na mama wa mtoto huyo aliachana naye mwaka 1995. Yaani baba huyu asema na mtoto ambaye wazazi wake hawako tena pamoja.

Kuna jambo jingine la kuangaliwa. Kiitikio cha wimbo si chake. Alikitwaa katika wimbo uliovuma mwaka 1981, wa mpiga saksafoni Grover Washington Jr., ambao mwimbaji wake alikuwa Bill Withers. Huo wa kwanza ulikuwa wimbo wa mwanamume na mwanamke wapendanao. Will Smith aliyachukua maneno ya wapenzi akayahamisha kwa baba na mtoto. Wale wawili wa kwanza waweza kuachana, na siku hiyo wakawa si wawili tena. Lakini baba na mwana hawana talaka baina yao. Mimi nimeona maana ya wimbo mzima imefungwa katika jambo hilo.

FUNGU LA KWANZA: USIKU WA KUZALIWA

Katika fungu la kwanza baba akumbuka siku daktari alipomweka mtoto mikononi mwake. Asema tangu dakika ile alijua kuwa yu radhi kufa yeye kabla mtoto hajapatwa na dhara. Wakati wa kutoka hospitali alikaa saa nzima akihangaika kukifunga kiti cha mtoto ndani ya gari, na njiani akawakasirikia watu wote waendeshao kwa kasi. Usiku hakupata usingizi. Aliondoka kitandani akanyemelea hadi pale mtoto alipolala, akamgusa kichwa polepole, moyo ukayeyuka. Kisha akapiga magoti akamwomba Mungu amjaalie awe baba mwema, akataja haja za mtoto kuwa ni tatu: mapenzi, elimu na adabu.

Tazameni, ndugu zangu. Mtu huyu si Muislamu, na maisha yake si ya kuigwa katika kila jambo. Lakini usiku wa kwanza wa ubaba wake aliuanza kwa kuomba. Nasi tunao mfano bora zaidi wa Nabii Ibrahim na Nabii Zakariya, waliomwomba Mola awape kizazi chema kabla hata watoto hawajazaliwa.

Sisi watu wa pwani mtoto akizaliwa tunamwadhinia sikioni, siku ya saba tunamfanyia akika, na hayo ni mema. Kisha wengi wetu tunamkabidhi kwa wanawake, tunarudi barazani, na kumbeba mtoto mbele za watu twaona ni kujishushia heshima. Je, heshima hiyo tumeitoa wapi? Bwana Mtume (S.A.W.) alisali huku amembeba Umama, mtoto wa binti yake Zainab, akimweka chini kila anaposujudu na kumwinua anaposimama. Na katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, al-Aqra bin Habis alimwona Mtume akimbusu mjukuu wake Hasan. Akasema yeye ana watoto kumi, na hajapata kumbusu hata mmoja. Mtume akamtazama, akamjulisha kuwa asiyerehemu harehemewi.

Bwana yule alidhani anajisifu kwa uanaume wake, kumbe ametangaza upungufu wake.

FUNGU LA PILI: AHADI

Katika fungu la pili mtoto amefika miaka mitano. Baba acheka kuona mtoto ana masikio kama yake. Ajiuliza atakuja kuwa nani: jemadari, tabibu, au mwimbaji kama baba yake? Asema atambusu kila wakati, lakini akivuka mpaka atamwadhibu. Hata hivyo akiri kuwa hujaribu kujifanya mkali, na mtoto humchekesha. Kisha atoa ahadi kuwa atamfundisha uanaume, na uanaume kwake ni heshima, uaminifu na utu. Ampa mtoto ruhusa ya kushindwa maadamu amejitahidi, tena amwambia kuwa kulia si aibu.

Hili la kulia lisitushangaze. Bwana Mtume alipofiwa na mwanawe Ibrahim alitokwa na machozi mbele ya masahaba, na Abdurrahman bin Auf alipostaajabu alijibiwa kuwa machozi hayo ni rehema. Basi yule baba amwambiaye mwanawe kuwa mwanamume halii, atuambie amejifunza hayo kwa nani.

Baada ya hapo yaja maneno ambayo mwanangu aliyapigia mstari kwa wino mwekundu. Katika daftari zima hakupiga mstari mahali pengine ila hapo tu. Ni mahali baba anapomwambia mtoto kuwa yeye na mama yake hawakuafikiana, lakini mtoto ajue kuwa alitungwa katika mapenzi, na hata dunia ikimgeukia na yeye mwenyewe akateleza, baba yuko nyuma yake.

Nilipofika penye wino ule niliifunga daftari, nikakaa kimya kwa muda mrefu. Nilihesabu miaka kumi na minane tangu mtoto yule aondoke nyumbani kwangu. Nikajiuliza kama katika miaka hiyo niliwahi hata mara moja kumwambia kwa ulimi wangu kuwa kuachana kwangu na mama yake hakumhusu yeye. Sikukumbuka. Nilikumbuka bahasha tu.

Ndugu zangu, sheria yetu ya dini iko wazi. Katika Suratul Baqara aya ya 233, Mwenyezi Mungu amemjukuza baba chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha, kisha akakataza mzazi yeyote kutiwa dharani kwa sababu ya mtoto. Katika Suratut Talaq, sura yenyewe ya talaka, mara baada ya kutaja ujira wa kunyonyesha, Mola amewaamuru wale walioachana washauriane kwa wema. Ijapokuwa ndoa imekwisha, mashauriano juu ya mtoto hayakwisha. Na Sheria ya Ndoa ya nchi yetu ya mwaka 1971 nayo yamlazimisha baba kumlisha mwanawe, hata kama mtoto akaa kwa mama. Lakini yule aliyetimiza nafaka asidhani amemaliza. Nafaka ni haki ya tumbo, na mtoto ana moyo vilevile.

FUNGU LA TATU: WOSIA

Katika fungu la mwisho baba akiri kuwa ubaba ni kazi ya kutwa nzima. Mtoto wake anavyo vitu vingi ambavyo yeye hakuvipata utotoni, na sasa baba ajifanya anajua kutumia kompyuta ili mtoto asimcheke. Mimi nilicheka niliposoma hapo, maana watoto ndio wanaonionyesha pa kubonyeza katika simu.

Kisha sauti yageuka. Baba asema hakuna aliyeahidiwa uhai, na siku moja hatakuwapo, basi amwachia mtoto wosia. Akija kuumizwa moyo na mwanamke, asimlipize mwingine asiye na kosa. Watakaomtendea ubaya, amwachie Mungu, kwa kuwa chuki humla yule aifugaye. Aseme kweli daima. Asali. Awafungulie watu mlango, na ulimi wake auzuie na matusi.

Msomaji wa Qurani akisikia hayo amkumbuka nani? Amkumbuka Luqman. Katika sura yenye jina lake, kuanzia aya ya 13 hadi ya 19, Luqman amkataza mwanawe kumshirikisha Mungu, na amuusia kusimamisha sala, kusubiri juu ya yampatayo, kutowageuzia watu shavu kwa kiburi, kwenda mwendo wa kadiri na kupunguza sauti. Wosia wa Luqman waanza na Tauhidi, ambayo ndiyo mzizi, na hapo umeupita mbali wosia wa mwimbaji. Lakini njia ni moja: baba amekaa na mwanawe, amemsemesha yeye.

Nami nataka mwangalie neno moja. Luqman hamwiti mwanawe kwa jina la kawaida la mwana. Amwita "bunayya", na katika lugha ya Kiarabu hilo ni neno lililopunguzwa kwa mapenzi, kama sisi tusemavyo "kijanangu" au "mwanangu kipenzi". Nabii Nuh alimwita vivyo mwanawe aliyeasi, gharika ikiwa imekwisha fika. Nabii Yaqub alimwita hivyo Yusuf, na Nabii Ibrahim alimwita hivyo mwanawe siku ya jaribio kubwa la kuchinjwa. Manabii watatu na mwenye hekima mmoja, kila mmoja katika shida yake, na wote wametumia neno moja la upole. Sisi wengi wetu tunalisoma neno hilo chuoni kwa tajwidi, kisha tukifika nyumbani tunawaita watoto wetu kwa kukemea.

SI JAMBO GENI KWETU

Wala tusidhani kuwa baba kumtungia mwanawe maneno ya mapenzi ni uzungu. Sheikh Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, alifiwa na mkewe Amina akabaki na watoto. Mtu huyu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa karani wa forodha huko Pangani, alikaa akawatungia wanawe tenzi mbili. Binti alimtungia Utenzi wa Hati, na mwana wa kiume alimtungia Utenzi wa Adili. Hati ni karatasi ya kuthibitisha haki ya mtu, kama hati ya shamba au ya nyumba. Basi yeye urithi aliomwandikia bintiye ulikuwa ni maneno. Alifariki mwaka 1962, na tenzi hizo bado zasomwa.

Na kabla yake, mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utenzi wa wosia. Mama huyo wa Pate, Shaaban Robert wa Tanga na Mmarekani wa Philadelphia hawakujuana, wala dini na zama zao si moja. Lakini wote walikuwa na khofu moja, ya kuondoka duniani kabla hawajawaambia watoto wao yaliyomo moyoni.

NILIVYOFANYA

Wiki ya pili baada ya Idi nilipanda basi la Pangani mimi mwenyewe. Nilimkuta mwanangu kivukoni akingoja abiria. Aliponiona alishuka upesi katika pikipiki akaniamkia, "Shikamoo, baba. Kuna msiba?" Kumbe nimemzoesha hivyo, kuwa baba hafiki ila kwa msiba.

Tulikaa chini ya mti karibu na maji. Nikamwambia, "Daftari lako nimelisoma." Akanyamaza. Nikamwambia, "Mimi na mama yako tuliachana, lakini wewe sikukuacha. Na kama ulidhani nimekuacha, kosa ni langu, maana sikukwambia." Alitazama mto kwa kitambo, kisha akasema, "Baba, pesa zilikuwa zikija, sikatai. Nilikuwa nikitumwa kituoni kuipokea bahasha. Kila mwezi nilifika mapema, nikadhani labda safari hii utashuka wewe."

Sikuwa na jibu, wala sasa sinalo. Nilimwomba radhi. Akasema, "Yamekwisha, baba." Lakini najua miaka kumi na minane haiishi kwa neno moja, na nimejiwekea sharti kwenda Pangani kila mwezi, kwa miguu yangu, si kwa simu.

NASAHA

Enyi akina baba, khasa mlioachana na mama wa watoto wenu. Kama hamtoi nafaka, toeni, ni deni mtakaloulizwa. Kama mwaitoa, fuateni nyuma yake nanyi mkaonekane. Mwambieni mtoto waziwazi kuwa talaka ilikuwa baina ya watu wazima wawili. Na walio na watoto wa mama mbalimbali wamkumbuke Nuuman bin Bashir, ambaye baba yake alitaka kumpa zawadi yeye peke yake, na Mtume akakataa kushuhudia, akaamuru uadilifu baina ya watoto.

Enyi akina mama, mnazo sababu za uchungu, nami sizikanushi. Lakini mtoto akiuliza khabari za baba yake msimlishe chuki, maana itamla yeye kwanza. Na baba akija kwa wema, afunguliwe mlango.

Nanyi vijana, msiwafiche wazee wenu mnayoyasikiliza. Mkikuta neno jema katika wimbo, litoeni humo mlilete nyumbani, na lililo baya liacheni huko huko. Mwanangu angeweza kunilaumu mbele za watu siku ya Idi. Hakufanya hivyo. Alinifasiria wimbo usiku na usiku kwa mkono wake, akapiga mstari mmoja mwekundu, akaniachia nisome mwenyewe. Adabu hiyo alifundishwa na mama yake na bibi yake, mimi sina sehemu ndani yake, na hapa nawashukuru.

Nimetaja juu jina la Wagosi wa Kaya. Kwa lugha za Bonde na Usambara mgosi ni mwanamume, na kaya ni nyumbani. Mwanamume wa nyumbani: jina hilo lingetutosha sisi akina baba kama tungelistahili. Na hata yule ambaye mwanawe yuko nyumba nyingine, katika mji mwingine, aweza kuwa mgosi wa kaya ya mwanawe, akitaka.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa baba wenye rehema, awarehemu wazazi wetu kama walivyotulea tukiwa wadogo, na atukutanishe na watoto wetu hapa duniani kabla ya kutukutanisha nao mbele ya Hesabu. Amin.

Wabillahi tawfiq.